Mkwe ni Mtu, Choo ni Shimo

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Siku kubwa! Leo Mwalimu Mkuu Gregory katusomea barua ya Bwana Inspekta wa Shule. Anakuja hapa Samuye Jumanne ijayo kukagua somo la siha. Si hesabu. Si kusoma. Siha! Yaani mimi, Bartholomeo, mwalimu wa siha darasa la kwanza mpaka la nne, ambaye wenzangu huniita Bwana Kucha wakidhani sisikii.

Na kuna zaidi. Anatafutwa Mwalimu Msafiri wa Siha, wa kuzungukia shule zote za huku Shinyanga. Atapewa baiskeli. Mpya! Yenye kengele na taa. Mwalimu Mkuu alipotamka neno baiskeli, nilimwona Mwalimu Donatus akitazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu. Kidole gumba cha kulia kinachungulia nje tangu Pasaka.

Donatus! Mwalimu wa hesabu, mikono kama ya mkulima, kila jioni yuko na jembe. Mwalimu mzima na jembe! Mimi nimekaa miezi minane kwenye machimbo ya dhahabu Geita, msaidizi wa karani wa stoo. Nimeona kwa macho yangu vyoo vya Wazungu wa mgodini. Vina vifuniko! Nani mwingine Samuye nzima kaona choo chenye kifuniko? Hakuna. Baiskeli ni yangu, na sioni haja ya kusumbuana.

Jumanne, 8 Septemba

Nimeisoma barua tena, peke yangu. Inspekta atatazama mambo mawili. Kwanza, watoto wanajua nini. Pili, nyumba ya mwalimu wa siha ikoje, maana nyumba ya mwalimu ni kioo cha kijiji.

Chanzo cha yote ni kuhara damu. Mvua za mwaka jana ziliondoka na watoto wawili wa darasa la kwanza. Mmoja alikuwa mdogo wake Mbuke, yule binti wa darasa la tatu anayependa kuuliza maswali. Mtemi akaamuru kila mji, yaani kila kaya, uchimbe choo. Wakachimba. Nakiri walichimba vizuri. Ila haingii mtu! Mzee Mihayo, babu yake Mbuke, choo chake anafugia kuku.

Kisa? Wakwe! Akiingia baba mkwe, mke wa mwanawe hakanyagi tena humo. Akiingia mama mkwe, mume wa bintiye hakanyagi. Shimo moja halipokei vya wakwe, ni mwiko. Basi kwa kulinda heshima mji mzima unakwenda porini, na nzi nao wanatoka porini kuja kwenye ugali. Ujinga mtupu!

Tukiwa kwenye chumba cha walimu Donatus akasema, kwa ile sauti yake ya pole, kwamba kila mji ukichimba shimo la pili, moja la upande wa wakwe, neno litakwisha. Nilicheka mpaka chaki ikaniponyoka. Shimo la pili! Huko ni kuupigia ujinga magoti. Nikamwambia ujinga haupewi shimo, unapewa elimu. Akaokota chaki yangu, akanirudishia. Nadhani nilimwumiza kidogo, nikafurahi.

Nikaingia darasani. Nikakagua kucha, masikio, chawa. Kisha nikawafundisha wimbo nilioutunga mwenyewe wakati wa uji:

Mkwe ni mtu, choo ni shimo!
Aonaye haya hana kimo!

Waliuimba mara arobaini. Mbuke akanyosha mkono, akauliza kama mwalimu mwenyewe hutumia choo kimoja na mkwewe. Nikamwambia mwanafunzi mzuri haulizi, huimba.

Jumatano, 9 Septemba

Mzee Mihayo kaja shuleni na fimbo. Kumbe Mbuke aliuimba wimbo nyumbani, wakati wa kula, mbele ya babu yake, na mama yake, mkwe wa mzee, yuko pale pale jikoni. Mama akamwaga mlenda. Babu akaacha tonge. Toka jana jioni, anasema, hakuna anayeweza kumtazama mwenzake machoni.

Nikamweleza mambo ya vijidudu. Akasema yaya, ndiyo hapana ya Kisukuma. Nikamweleza mambo ya nzi. Yaya. Nikamwambia nilipokuwa Geita. Akasema yaya kabla sijafika Geita kwenyewe. Akamgeukia Mwalimu Mkuu, akauliza mimi nimelelewa na nani, maana mtu asiyemwonea haya mkwe wake atamwonea haya nani? Mwalimu Mkuu akatazama dari. Ndiyo kazi anayoijua.

Kisha yakatokea ya kuchekesha. Donatus akamsindikiza yule mzee mpaka kwao, na jioni nikawaona wawili hao wanachimba. Donatus kavua shati! Udongo mpaka kwenye nyusi! Mtu anataka baiskeli ya Serikali naye anajichafua hivyo. Nilipita karibu makusudi, nimevaa tai.

Alhamisi, 10 Septemba

Choo changu cha mfano kimekamilika. Kizuri jamani! Nimezungusha ua wa matete mapya, nimepaka chokaa ndani, nimemwaga majivu, nimeweka kibuyu cha maji na kipande cha sabuni. Na kifuniko! Nimekitengeneza kwa ubao wa sanduku la baruti nililotoka nalo Geita. Maandishi mekundu bado yapo juu yake. Nimeyaacha, yanaleta heshima.

Nilikitazama, nikaona hatari moja tu. Watu. Kikitumiwa kitachafuka, na Inspekta atakuta choo kama vyoo vingine. Nimetoa amri: mpaka Inspekta apite, hakuna wa kukiingia. Si mimi, si mke wangu Apolonia, si mwanetu Herman. Tutakwenda kwenye vichaka vya minyaa nyuma ya kiwanja cha mpira.

Apolonia alisimama, mikono kiunoni. Akauliza kama amesikia sawasawa kwamba mwalimu wa siha anaipeleka familia yake porini kwa ajili ya siha. Nikamwambia amesikia sawasawa. Akasema mganga hajigangi, akaenda kutwanga mtama. Sijui alikusudia nini. Mimi si mganga.

Jumamosi, 12 Septemba

Balaa! Balaa! Balaa!

Saa nne asubuhi lori la pamba lilisimama njia panda. Akateremka mama mkwe. Mama yake Apolonia mwenyewe, kutoka Geita, siku mbili juu ya lori, na debe la michembe, vile viazi vya kukausha, kichwani. Kaja kumwona mjukuu. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna lolote!

Nilimwona kutoka mbali. Nikazunguka nyumba, nikachuchumaa nyuma ya kihenge cha mtama, nikampa mgongo, nikamwamkia nikiwa hapo hapo. Akaitikia marahaba kutoka upande wa pili, amejifunika kanga usoni. Apolonia akasimama katikati, akipeleka habari za huku na kuleta za kule. Hiyo ni adabu tu, si mwiko. Msomi anaijua tofauti.

Halafu nikamsikia mama mkwe anamnong'oneza bintiye. Siku mbili juu ya lori, mtu huwa na shida zake. Na Apolonia akamwonyesha! Akamnyoshea mkono kwenye choo cha mfano! Nikakohoa. Nikapiga kihenge kwa kofi. Nikaita Apolonia mara tatu. Wapi! Nikasikia kifuniko kinafunuliwa.

Baadaye nilimkemea mke wangu kwa sauti ya chini. Akanijibu kwa sauti ya juu. Akauliza kama nilitaka amwambie mama yake mzazi apite choo chenye sabuni akajisaidie kwenye minyaa. Nikamwambia ndiyo, kwa heshima lakini. Akasema nikamwambie mwenyewe. Anajua siwezi kumsemesha. Yule mwanamke ana ukatili.

Jumapili, 13 Septemba

Mama mkwe kaingia chooni mara tatu kabla ya misa. Nahesabu. Apolonia anasema mama kakisifu sana, hasa kifuniko. Anasema Geita hana kitu kama hicho.

Sasa amri yangu imevunjika, choo kimeshatumika, hakuna sababu ya mimi kutaabika. Leo alfajiri nilitoka nikielekea chooni kwangu. Nilifika mpaka kwenye matete. Nikageuka. Si kwa yale mambo ya kina Mzee Mihayo, hapana! Chokaa ilikuwa haijakauka vizuri, nikaona itanichafua suruali. Nikaenda kwenye minyaa.

Saa saba nikajaribu tena. Upepo ulikuwa mbaya. Minyaa.

Jioni nilikuwa huko huko kwenye minyaa alipopita Mbuke na mbuzi wa babu yake. Akapiga goti, akaniamkia shikamoo mwalimu. Nikajifanya nachuma dawa. Kisha nikakumbuka kwamba mwalimu wa siha ndiye anayewakataza watu dawa za porini. Akaniuliza kama choo changu kimeharibika. Nikamwuliza jedwali la kuzidisha kwa saba. Akalijibu lote, kwa bahati mbaya.

Nilipokuwa narudi nimemwona Donatus tena, sasa yuko mji wa tatu, na watu sita wanachimba pamoja naye na wanacheka. Siku ya Bwana!

Jumatatu, 14 Septemba

Kesho ndiyo kesho. Nimepanga kila kitu.

Watoto wanaujua wimbo hata wakiwa wamelala. Nimewagawia vijiti vya mswaki, watoe mfukoni kwa pamoja nikipiga makofi mawili. Choo nimekisugua mwenyewe, kwa mti mrefu, nimesimama nje ya matete. Si kwa sababu ya yale mambo. Mgongo unanisumbua.

Limebaki jambo la mama mkwe. Asiwepo! Nimepeleka habari kupitia kwa Apolonia kwamba mke wa Mzee Mihayo ana hamu kubwa ya kumwona mgeni kutoka Geita, na kwamba kesho asubuhi anamngoja kwa uji. Huyo mke wa Mihayo hajui lolote, lakini hawezi kumfukuza mgeni. Mama mkwe kakubali. Akili ni mali!

Apolonia akauliza kwa nini nisimwambie tu Inspekta kwamba choo chetu kimoja, mkwe yupo, kwa hiyo mimi natumia kwingine. Nikamwambia mambo ya ukaguzi hayataki ukweli ovyo ovyo. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo ni methali tu kutwa nzima.

Jumanne, 15 Septemba

Naandika kwa jicho moja. La pili limevimba.

Bwana Inspekta kafika saa tatu kwa gari, kaptura ndefu, daftari mkononi. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, yupo. Wazazi wapata thelathini wapo. Darasani mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Kucha safi. Miswaki ikatoka kwa pamoja, isipokuwa mmoja aliyetoa muwa. Wimbo ukaimbwa, Mzee Mihayo akatema mate dirishani.

Inspekta akauliza nani kwao wanatumia choo. Nikajua tumekwisha. Ikanyoka mikono ishirini! Nikashangaa kuliko Inspekta. Akamwuliza Mbuke wanatumiaje. Mbuke akasema kwao sasa kuna mashimo mawili, la babu na la mama, na kuku wamehamishwa, na Mwalimu Donatus alichimba na babu mpaka likaisha. Akasema mdogo wake angekuwepo angetumia la mama.  Inspekta akaandika kitu kirefu. Nikakohoa, nikasema hayo ndiyo matunda ya somo la siha. Si uongo. Mimi ndiye mwenye somo.

Kisha tukaenda nyumbani kwangu, msafara mzima. Mimi mbele, natembea kinyumenyume ili nieleze vizuri. Watoto nyuma wanaimba. Tukafika kwenye matete. Nikainua mkono. Nikasema, Bwana Inspekta, hapa pamekwisha mambo ya kale, katika nyumba hii hakuna cha mkwe wala cha asiye mkwe, choo ni kimoja, na mimi kila siku—

Ndani ya matete mtu akakohoa.

Kikohozi kimoja. Kikavu. Cha mtu mzima anayewajulisha watu kwamba mahali pana mtu. Nilikijua kikohozi hicho! Kumbe kwa Mihayo walimnywesha uji mwingi, wakamwonyesha shimo lao, akasema ahsante, lakini amezoea lenye kifuniko. Akarudi kwa njia ya nyuma.

Miguu yangu! Sijui nani aliiamuru. Nilijifunika kichwa kwa daftari la mahudhurio, nikamruka mwanangwa, teke likampata, nikakata kiwanja cha mpira, nikajitupa ndani ya minyaa kama mbuzi aliyeona fisi. Utomvu ukaniingia jichoni. Nikalala chini. Na kutoka huko nikawasikia watoto, maana hakuna aliyewaambia wanyamaze:

Aonaye haya hana kimo! Aonaye haya hana kimo!

Waliimba mpaka gari likaondoka.

Jumatano, 16 Septemba

Jambo la ajabu. Mzee Mihayo kaniletea jogoo.

Kaja mwenyewe, bila fimbo, kanishika mkono kwa mikono miwili. Anasema aliniona nimepotoka, kumbe wimbo ulikuwa wa kazini tu, moyoni mimi ni mtu aliyelelewa. Anasema hajaona Samuye hii mwanamume aliyemkimbia mkwewe kwa heshima kama ile, mbele ya Mzungu, na tai shingoni. Njiani kina mama wananipisha. Mwanangwa kanisamehe teke.

Na mama mkwe? Apolonia anasema mama katokwa na machozi. Kasema binti yake kaolewa kwa mtu mwenye adabu, kwa hiyo atakaa mpaka Krismasi.

Mpaka Krismasi!

Wamekosea wote. Mimi sikukimbia kwa heshima. Nimemwandikia Inspekta barua kumweleza kwamba nilishambuliwa na nyuki. Jogoo nimempokea, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu.

Alhamisi, 24 Septemba

Barua imefika. Mwalimu Mkuu kaisoma mbele ya wote, polepole, kama anatafuna mfupa.

Mwalimu Msafiri wa Siha ni Donatus. Donatus wa jembe! Na amri mpya: kila mwalimu achimbe nyumbani kwake mashimo mawili, kwa namna ya Samuye. Kwa namna ya Samuye! Na nani aliyeileta siha Samuye? Kuhusu mimi kuna mstari mmoja tu. Inspekta anasema hakuona nyuki, ila aliona mbio, na anapendekeza nifikiriwe kwa somo la michezo.

Walimu walicheka. Donatus hakucheka. Alikuja kunipa pole, akasema siku yoyote nikihitaji kwenda Shinyanga mjini nimwombe baiskeli, ni ya wote. Sijatukanwa hivyo tangu nizaliwe.

Nimekaa, nimefikiri. Nimegundua kosa langu. Si wimbo. Si kifuniko. Kosa ni kwamba choo hakikuwa na mlango.

Jumatano, 30 Septemba

Nimechimba shimo la pili. Mwenyewe! Malengelenge kumi na moja. Si kwa sababu ya Donatus. Ni amri, na mimi ni mtumishi wa Serikali. Lakini la kwangu halifanani na mashimo yao. Ua wa matofali mabichi. Chokaa ndani na nje. Sabuni nzima. Kifuniko cha pili kutoka upande wa pili wa lile sanduku la baruti. Na mlango wa mbao, wenye kufuli!

Apolonia alikuja na Herman kukitazama. Akasema, haya Baba Herman, mama ana chake na wewe sasa una chako, mambo yamekwisha, nipe ufunguo. Nikamweleza kwamba Inspekta atarudi Januari. Hiki ndicho atakachokiona. Mpaka wakati huo hakuna wa kukiingia, na ufunguo utakaa shingoni kwangu, pamoja na rozari.

Hakutoa hata methali. Alimshika mtoto mkono, wakaelekea kwenye choo cha mama yake.

Jioni nilikwenda kwenye minyaa. Nimeshapata mahali pazuri, pana jiwe. Nikiwa hapo nikasikia kengele. Donatus huyo, juu ya baiskeli, anatoka shule ya jirani, taa inang'aa. Akapunguza mwendo. Akaniamkia kwa heshima, akauliza choo kipya kinaendeleaje. Nikamjibu, bila kuinuka, kwamba hakuna kisafi kama hicho wilaya nzima.